BEC ya kujitegemea kwa ndege ya sevo sita: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia kidhibiti volti cha kujitegemea, ambacho sisi warushaji wa ndege za rimoti tumezoea kukiita BEC, katika ndege ya balsa (mti mwepesi) yenye mabawa ya mita 1.8 na sevo sita, yaani mota ndogo zinazosogeza sehemu za kuongozea ndege: mbili za eleroni, mbili za flapu, moja ya eleveta na moja ya usukani wa mkia. Nilikinunua baada ya kuipoteza ndege iliyotangulia. Ilikuwa ikikata kona ya mwisho kabla ya kutua, flapu zikishuka, mara ikaacha kutii rimoti kwa kama sekunde mbili, na kwa ndege iliyo chini kiasi kile sekunde mbili ni nyingi mno.

Redio haikuwa na kosa. Sevo zote zilikuwa zikilishwa na BEC iliyomo ndani ya kidhibiti mwendo cha mota, iliyoandikwa volti 5, ampea 3. Ilikuwa ya aina ya zamani, ile inayoziondoa volti za ziada kwa kuzigeuza joto. Betri ya lipo (aina ya betri ya lithiamu) ya seli nne ikijaa huwa na volti 16.8, kwa hiyo sevo zikivuta ampea 2 tu, volti 11.8 zilizozidi huwa joto la zaidi ya wati 23, kiasi cha pasi ndogo ya kulehemu, ndani ya kifaa kilichofungwa plastiki na chini ya jua la Dodoma. Kikizidiwa hujikata, na risiva nyingi za gigahazi 2.4, vile vipokezi vya amri za rimoti ndani ya ndege, huzima volti zikishuka hadi karibu 3.5, kisha huchukua muda kuwaka tena.

Hiki kipya hukata umeme na kuuachia kwa kasi kubwa badala ya kuuchoma, hivyo hata baada ya dakika kumi za kuruka hukikuta kikiwa vuguvugu tu. Kina swichi ya kuchagua volti 5 au 6. Nimechagua 6 kwa sababu sevo zangu zinaruhusu. Mwenye sevo za volti 5 asijaribu. Nilichomeka mita ya kupimia volti kwenye nafasi iliyo wazi ya risiva, nikachezesha vijiti vyote viwili vya rimoti kwa nguvu: zamani namba zilishuka hadi 4.2, na mita ya kawaida haiwezi kuona mshuko wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Sasa hazishuki chini ya 5.8.

Kuhusu ampea 10 zilizoandikwa kwenye lebo, nashauri tahadhari. Plagi moja ya sevo, yenye pini nyembamba kama zile, haifai kubebeshwa ampea 10, na ninaamini ndiyo maana mtengenezaji ametoa nyaya mbili za kutokea. Chomeka zote mbili kwenye risiva. Nyaya za kurefushia nazo zina deni lake: waya wa sentimita 60 wenye unene wa milimita za mraba 0.13 hupoteza karibu nusu volti, kwenda na kurudi, sevo ikivuta ampea 3, ilhali wa 0.33 haufikishi hata volti 0.2. Nilibadilisha zote za kwenye mabawa, na kwa maoni yangu kazi hiyo ilisaidia karibu sawa na kifaa chenyewe.

Malalamiko yangu ni juu ya karatasi ya maelekezo, ambayo haisemi lolote kuhusu waya mwekundu wa kidhibiti mwendo. Usipouondoa, vidhibiti viwili vyenye volti tofauti vitalisha risiva moja na kimoja kinaweza kuharibika. Niliinua kiulimi cha plastiki cha plagi kwa ncha ya sindano, nikauvuta waya mwekundu pamoja na pini yake, nikauzungushia utepe, nikaacha wa kahawia na wa rangi ya chungwa mahali pake, kwa kuwa amri ya mota bado inapita humo.

Nimekifunga mbali na antena za risiva, kwani ukataji wake wa umeme hutoa kelele za redio. Kwa ndege ndogo ya foamu yenye sevo nne za gramu 9 na betri ya seli tatu, sioni sababu ya kukinunua. BEC ya ndani ya kidhibiti mwendo kizuri inatosha.