Sosi ya babakyu ya Mwaloni: nunua, ila usifuate maelekezo ya chupani

Mimi ni fundi wa mashine za boti pale Kirumba, Mwanza. Siku sita mikono inanuka petroli, ya saba inanuka mkaa, maana Jumapili mchomaji wa nyumbani ni mimi na sigawani na mtu. Miaka yote hiyo nyama yangu imekwenda na chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga. Zile sosi za chupa za supamaketi nilikuwa naziita jamu ya nyama.

Sasa nje ya soko la Mwaloni, ukishapita wauza dagaa, kuna mama anauza achari na pilipili za kutengeneza mwenyewe. Miezi kama mitatu iliyopita akaongeza sosi ya babakyu: nyekundu iliyokolea mpaka inaelekea kahawia, ndani ya chupa zilizowahi kubeba asali. Nusu lita elfu sita. Nikamwambia, "Mama, elfu sita si nyama hiyo?" Akanijibu bila kuinua uso, "Nyama utaila leo iishe, baba. Hii utakula mwezi." Akachovya kijiti cha mshikaki akanipa nionje. Nililipa.

Ladha yake inakuja kwa zamu. Utamu unatangulia, uchachu unafuata na kukukaza mashavu, halafu ukidhani mambo yameisha pilipili inabisha hodi kooni. Na kuna moshi ndani yake, moshi wa kweli. Nilipomdodosa akaniambia nyanya na vitunguu anavibabua kwanza juu ya mkaa mpaka maganda yanakuwa meusi, ndipo anasaga na kuchemsha. Wamarekani wanaotengeneza sosi nzito ya namna hii, ile ya Kansas City, utamu na weusi wanaupata kwenye molasesi, ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikitengenezwa. Huku kwetu molasesi ukiitaja watu wanafikiria chakula cha ng'ombe. Mama anatumia sukari guru, na uchachu anauchanganya siki na ukwaju. Huo ukwaju ndio umenishika. Siki peke yake inachoma pua. Ukwaju unakaa ulimini.

(Mgeni mmoja Mmarekani niliyemtengenezea mashine aliniambia kwao hawaelewani hata kidogo kuhusu sosi hii. Mashariki ya North Carolina ni siki na pilipili, nyanya hawataki kuiona. South Carolina wanaweka haradali. Kaskazini ya Alabama wanayo nyeupe ya mayonezi. Nyeupe! Sijamwambia mama, asije akajaribu.)

Tatizo langu la kwanza ni karatasi ya chupani. Imeandikwa kwa mkono: "Paka nyama, acha saa moja, choma." Nikatii. Kuku mzima aliyepasuliwa na mbavu za kitimoto, vyote vikapakwa, vikalala saa nzima, vikapanda jikoni. Dakika tano hazikuisha, nje makaa, ndani damu. Shemeji yangu akauliza kama tunachoma nyama au tunachoma matairi. Kosa si la sosi, ni sukari. Sukari ikipita nyuzi joto 160 hivi inaanza kugeuka rangi, ikizidi hapo inaungua na kuwa chungu, na mkaa uliokolea unapita hapo kwa mbali sana. Kwa hiyo fanya hivi: choma kwa chumvi tu mpaka nyama iive, sukuma mkaa pembeni moto upoe, ndipo upake safu nyembamba. Geuza, paka tena. Dakika kumi za mwisho zinatosha. Jumapili iliyofuata mbavu zilitoka zinang'aa, na shemeji alikula akiwa kimya.

Kwenye mishkaki ni nzuri, kwenye ndizi za kuchoma ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye sato, hapana. Sato aliyetoka ziwani asubuhi ukimpaka hii umemdhulumu. Mwache na ndimu yake.

Kwa kuwa mimi ni fundi na sipendi kununua kitu ninachoweza kufungua nikaona ndani, nilijaribu kuitengeneza. Nyanya sado moja, vitunguu vinne, kitunguu saumu, sukari guru, ukwaju, siki. Nilibabua kama alivyosema, nikachemsha karibu saa mbili mpaka ikapungua chini ya nusu. Rangi nilipata. Ladha ikaja na kitu kama umelamba spana. Kumbe nilitumia sufuria ya aluminiamu, na nyanya pamoja na siki zikichemka humo muda mrefu zinakula chuma chake. Mama watoto alilijua hilo kabla sijawasha jiko, alikuwa anasubiri tu. Mara ya pili nikaazima sufuria la chuma cha pua, ladha ya spana ikaisha, ila chini iliungua kwa sababu nilienda kujibu simu. Ukihesabu nyanya, mkaa na Jumapili mbili, elfu sita ni bure.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Chupa hazina tarehe. Ya kwanza ilimaliza wiki tatu kwenye friji bila shida. Ya pili niliiacha kabatini, maana karatasi haisemi chochote kuhusu friji, na siku ya kuifungua ikatoa pumzi kama soda. Nikaimwaga. Siki ndiyo inayozuia mambo hayo, na nahisi siku hiyo mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilipomrudishia chupa alinusa, akasonya, akanipa nyingine bila maneno. Lakini si kila mteja anakaa hatua mia mbili kutoka mezani kwake. Mama, andika tarehe na andika "weka kwenye friji". Kalamu unayo.

Naipa nne kati ya tano. Ukirudisha chupa anapunguza mia tano. Jumamosi uwahi, saa nane huwa ameshafunga meza. Na umwombe ile yenye pilipili zaidi, anaificha chini ya meza.