Kamera imechoka, ununue ipi? Kwa wapiga picha za sherehe wenye Canon za zamani

Ndafu ilikuwa inaingia ukumbini. MC ameshapandisha sauti, akina mama wamesimama na sare zao za kitenge, na mimi nimepiga goti mbele ya meza kuu na Canon 600D niliyoanza nayo kazi. Nikabonyeza. Ikatoa mlio kama kijiko kilichodondokea kwenye sufuria tupu, skrini ikaandika Err 30. Nikazima, nikawasha, nikatoa betri, nikairudisha. Err 30. Shangazi wa bibi harusi akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mbona umeduwaa, ndafu ndiyo inapita hiyo!" Picha zote za ndafu kwenye send-off ile zilipigwa kwa simu ya mdogo wangu, na hadi leo mteja yule hajanipa kazi nyingine.

Err 30 ni kamera kukwambia kwamba shata imegoma, yaani zile pazia ndogo zinazofunguka na kufunga mbele ya sensa kila unapobonyeza. Shata huchakaa kama tairi. Canon hutaja uhai wa shata ya kamera zake za 6D na 80D kuwa mibonyezo 100,000, na ya 5D Mark III kuwa 150,000. Ukipiga picha 900 kila Jumamosi, hesabu yako unaijua mwenyewe.

Fundi alinipa bei ya kuweka shata ya kung'oa kutoka 600D nyingine iliyoingia maji. Nilikubali, ila nikiwa na nia ya kupata kamera ya akiba tu. Shata iliyotolewa kwenye kamera mfu hakuna anayejua imeshabonyezwa mara ngapi. Ya kazi ilibidi ninunue, na hapo ndipo kila mtu akawa mshauri. Mmoja anasema hamia Sony, mwingine anasema chukua mpya ya kwenye boksi upate warranti, wa tatu anasema siku hizi simu inatosha. (Kwa birthday ya sebuleni, inatosha kweli. Kwa ukumbi wa watu 400 wenye taa za zambarau, aende yeye.)

Kabla hujasikiliza yeyote, mwaga mfuko wako mezani. Mimi nilikuta lenzi ya 50mm f/1.8, 24-105mm f/4L niliyonunua kwa mtu, 18-55mm iliyokuja na kamera, flashi ya Yongnuo, betri tatu na kadi nne za SD. Betri zile ni LP-E8, zinazoingia kwenye 550D, 600D, 650D na 700D tu, kwa hiyo zinakufa na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kadi zinabaki. Lenzi mbili za kwanza ni za EF, zinaingia kamera yoyote ya Canon yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR). Ile 18-55 ni EF-S: kwenye 5D au 6D haiingii kabisa. Ukijumlisha, vitu vinavyobaki vilikuwa na thamani kubwa kuliko kamera yenyewe. Kwa hiyo swali langu halikuwa kamera ipi ni nzuri kuliko zote duniani. Lilikuwa: ipi itazibeba lenzi na flashi hizi hadi gizani?

Gizani nasema kwa sababu ndiko tunakofanyia kazi. Wapambaji wa siku hizi wanawasha LED za bluu na zambarau ukuta mzima, halafu wanataka uso wa bibi harusi utoke na rangi yake. Ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) hadi 3200 kwenye 600D, ngozi yetu inakuwa kama imenyunyiziwa mchanga. Sensa ya fuli fremu, ile kubwa, ni milimita 36 kwa 24, na ya 600D ni kama 22 kwa 15. Eneo linazidi mara mbili na nusu, na tofauti hiyo unaiona kwenye shavu la bibi harusi.

Huu ndio mpangilio wangu. Zote ni za mtumba isipokuwa nikisema vinginevyo, na bei sizitaji kwa sababu zinafuata dola. Mimi niliingia Kariakoo na milioni mbili na nusu.

Ya kwanza: Canon EOS R, pamoja na adapta

Ilitoka 2018, ni mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani) ya kwanza ya fuli fremu ya Canon, ina megapikseli 30.3. Wengi wanaipita kwa sababu R6 ilikuja 2020 ikaizidi karibu kila mahali, na hicho ndicho kilichoishusha bei. Adapta ya EF kwenda R haina kipande cha lenzi ndani, ni bomba lenye waya tu, kwa hiyo 24-105 yangu inalenga kama ilivyozaliwa pale. Hata ile 18-55 inaingia: kamera yenyewe inakata picha iendane na lenzi, unabaki na karibu megapikseli 12. Kwa albamu zinatosha.

Kilichoniteka moyo ni jinsi inavyolenga macho. Kwenye 600D nilikuwa nalenga kwa nukta ya katikati, ndiyo pekee ya kuaminika, kisha nasogeza kamera nipange picha. Kwa f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, ukisogea sentimita mbili, unakuta nyusi ni kali na jicho limefifia. EOS R inashika jicho na kulifuata mtu akitembea. Lakini hakikisha imesasishwa: kufuata jicho kwa mfululizo kulikuja na masasisho ya 2019, na ukikuta bodi ambayo haijaguswa tangu kiwandani utadhani umeuziwa mbovu. Jingine linalonifurahisha: ukizima kamera, shata inajifunga mbele ya sensa, hivyo unapobadilisha lenzi kwenye vumbi la uwanjani si uchafu wote unaoingia.

Kasoro zake si za kufichwa. Kadi ni moja tu. Mimi natumia kadi moja kanisani, nyingine ukumbini, kadi ikileta balaa nisipoteze siku nzima. Video ya 4K inakata picha sana, ukiwa kwenye chumba kidogo utagonga ukuta kwa mgongo. Shata ya kimya usiiwashe chini ya LED, picha zinatoka na mistari. Na betri: Canon wanataja picha 370 kwa chaji, wakati 80D inatajwa 960. Uzuri ni kwamba inatumia LP-E6N, na hata LP-E6 za zamani zinaingia, ambazo kila mpiga picha mjini anazo. Ukiishiwa unaazima.

Ya pili: Canon 5D Mark III

Ya 2012, na bado inalipa kodi za watu. Ina nafasi mbili za kadi, moja CF (aina ya kadi ya zamani, pana zaidi) na moja SD, na unaweza kuiamuru iandike picha ileile kote kuwili. Anayeweka hilo mbele ya kila kitu aiweke hii namba moja, sitabishana naye, maana harusi hairudiwi. Nukta za kulenga ni 61, na ukichungulia unaona dunia yenyewe, hakuna skrini inayokula betri.

Nimeishusha kwa sababu mbili. Siku hizi mteja anayelipia picha anaomba "na kavideo kadogo ka Instagram", na hii kwenye video unazungusha lenzi kwa mkono, skrini yenyewe haigeuki. Pili, nyingi zilizopo sokoni zimeshafanya kazi mpaka zikachoka. Ukiipata, mulika tochi kwenye tundu la CF utazame pini ndogo ndani. Moja ikiwa imepinda, rudisha mezani.

Ya tatu: Canon 80D

Hii ni ya mwenye lenzi za EF-S peke yake na mfuko mwepesi. Kila lenzi ya 600D inaingia bila adapta. Skrini inageuka na unaigusa, kuna tundu la maiki na la hedifoni, na kwenye video inalenga yenyewe taratibu bila kuhangaika. Kwa anayepiga mahojiano, kwaya na mahafali mchana, ningeipandisha juu ya 5D. Ila sensa ni ileile ndogo. Ukumbini usiku utategemea flashi.

6D ya 2012 naitaja tu kwa asiyefika kwenye bei ya hizo. Ni fuli fremu ya bei nafuu, nukta ya katikati inaona gizani ajabu, zile kumi zilizobaki ni pambo.

Sony A7 III nimeiacha mpaka hapa makusudi. Ya 2018, kadi mbili za SD, betri kubwa ya NP-FZ100, na kama unaanza kazi leo mikono mitupu, ianze hiyo, usinisikilize mimi na EOS R yangu. Lakini mwenye lenzi za Canon akihamia Sony anahama nyumba na fanicha zinabaki. Adapta zipo, ila kulenga kwake hakufanani na lenzi ya Sony yenyewe. Nimewaona wenzangu wawili walionunua bodi, kisha wakakaa miezi na lenzi moja ya kuazima. Na ukinunua Sony iliyotoka Japani, fungua menyu kwanza: zile za soko la ndani huwa na Kijapani peke yake.

Za mwisho kwangu ni mpya za bei ya chini, hasa Canon 2000D na 4000D za 2018. Zinang'aa dukani, zina warranti, na zitakuumiza kwenye kitu usichokitegemea: kile kiti cha flashi juu hakina pini ya katikati. Flashi za pini moja na triga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) za bei rahisi haziwaki kabisa. 4000D hata mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki. R50 ya 2023 ni kamera nzuri kuliko hizo mbali, lakini nayo kiti chake kinataka adapta ya AD-E1 ndipo kikubaliane na flashi za zamani. Mwuzaji hatakwambia.

Wenye Nikon mkienda kwa hesabu hiihii mtafika D750 ya 2014: kadi mbili za SD, na betri yake ya EN-EL15 ndiyo ya D7000 na D7100. Mkitaka mirolesi zao, kumbukeni lenzi za AF-D, zile za zamani, hazilengi zenyewe kwenye adapta ya FTZ.

Dukani nenda na lenzi yako, kadi yako na flashi yako. Funga tundu la lenzi hadi f/22, piga ukuta mweupe, ukuze picha: madoa meusi ni uchafu wa sensa, unasafishika, lakini mistari au nukta za rangi zisizohama ni ugonjwa. Nikon huandika idadi ya mibonyezo ndani ya picha yenyewe. Canon haiandiki, inabidi kuichomeka kwenye laptop yenye programu ya kuisoma, kwa hiyo beba rafiki mwenye laptop. Na usibabaishwe na majina: 700D, Rebel T5i na Kiss X7i ni kamera moja iliyouzwa Ulaya, Marekani na Japani.

Mimi nilimwomba kijana wa duka tuingie stoo, nijaribu gizani kati ya maboksi. Akasimama akatabasamu kama bwana harusi, EOS R ikashika jicho lake, nikapiga kumi, kumi zote kali. Nikaweka Yongnuo yangu juu. Kimya. Nikaitoa, nikairudisha, kimya. Kijana akaichukua, akatazama miguu ya flashi iliyopata kutu ya jasho la miaka yote ile, akatoa kifutio cha penseli kwenye droo na kuisugua mpaka ikang'aa. Ikawaka ikatupofusha wote wawili. Nikahesabu hela.