Uzoefu wangu na mafunzo ya wiki 12 ya upangaji wa ugavi na uboreshaji wa utendaji

Mafunzo haya hutolewa mtandaoni, vipindi viwili vya saa mbili kila wiki, pamoja na kazi za kufanya mwenyewe zinazochukua saa nne hadi tano zaidi. Nusu ya kwanza ni upangaji: kukadiria mahitaji, kuweka akiba, kupima ukubwa wa oda, kupanga uwezo wa mashine na watu. Nusu ya pili ni uboreshaji wa utendaji. Naipa kozi nyota 4 kati ya 5, na nyota iliyokosekana imepotelea nusu ya pili.

Anayetafuta CPIM, cheti cha upangaji na usimamizi wa akiba cha ASCM, chama kilichojulikana zamani kama APICS, ajue mapema kwamba haya si maandalizi ya mtihani ule. Msamiati unafanana kwa sehemu kubwa, ila hapa kazi ni moja tu: uchukue data ya ghala lako mwenyewe uigeuze kuwa mpango wa oda. Usipokuja na data utabaki msikilizaji. Andaa mauzo ya kila siku ya angalau miezi 12, tarehe ya kutoa na ya kupokea kila oda, na kiasi cha kila bidhaa kilichobaki ghalani kila jioni. Hicho cha tatu ndicho wengi huja bila, na wiki ya pili yote imejengwa juu yake.

Somo la wiki hiyo ni kwamba mauzo si mahitaji. Kitabu cha mauzo huandika kilichotoka, hakiandiki kilichoulizwa kikakosekana. Chukua bidhaa inayotoka katoni 40 kwa siku. Ikikosekana siku 10 katika mwezi wa siku 30, kitabu kitasoma katoni 800. Gawanya kwa 30 upate 27. Gawanya kwa siku 20 ambazo mzigo ulikuwepo upate 40. Anayepanga kwa 27 ataagiza pungufu, mzigo utaisha mapema zaidi, na mwezi unaofuata wastani utashuka tena. Baada ya miezi michache ripoti itasema bidhaa imepoteza wateja, kumbe ni ghala lililowanyima.

Dawa yake ni safu moja tu kwenye Excel: andika 1 kwa siku iliyoanza na kuisha ikiwa na mzigo, na 0 kwa nyingine zote, kisha chukua wastani wa siku zenye 1 peke yake. Siku ambayo mzigo uliisha saa sita mchana nayo ipewe 0, kwa sababu mauzo yake ni ya nusu siku. Mkufunzi alitoa tahadhari ambayo sijaiona ikisisitizwa kwingine: njia hii haifai pale mteja anapokubali kusubiri. Hapo oda zilizosubiri hutoka zote kwa pamoja siku mzigo unapoingia, na wastani hupanda uongo. Kwa bidhaa za namna hiyo hesabu kwa tarehe ambayo mteja aliagiza, si tarehe ambayo mzigo ulitoka.

Sehemu ya kupima makosa ya makadirio ni fupi lakini imenyooka. Wanafundisha kwamba asilimia ya kosa ya kila bidhaa ikichukuliwa wastani hivi hivi hudanganya, maana bidhaa iliyokadiriwa 3 ikauzwa 1 ina kosa la asilimia 200 na inaweza kuzamisha ripoti nzima. Wao hujumlisha makosa yote kwa katoni na kugawanya kwa mauzo yote. Pia wanakutaka ujumlishe makosa ya kila mwezi pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa, kisha ugawanye kwa wastani wa makosa bila alama. Jibu likivuka 4 upande wowote, makadirio yako yana mwelekeo na yanahitaji kupitiwa upya. Kwangu hicho ni kipimo muhimu kuliko usahihi wenyewe, kwa kuwa kosa linaloyumba huku na huku hufidiwa na akiba, lakini kosa la upande mmoja huimaliza.

Wiki ya nne na ya tano ndizo zinazofanya kozi hii istahili muda wako. Ni wiki za akiba ya tahadhari, na zimefundishwa kwa undani ambao kozi nyingi fupi huukwepa. Kanuni inayojulikana na wengi ni kuzidisha vitu vitatu: kigezo cha kiwango cha huduma, mkengeuko sanifu wa mahitaji ya siku (yaani kiasi ambacho mahitaji huyumba juu na chini ya wastani), na kipeuo cha pili cha muda wa oda. Tuseme ile bidhaa ya katoni 40 ina mkengeuko wa 12, mzigo huchukua siku 9, na tunataka huduma ya asilimia 95, ambayo kigezo chake ni 1.65. Kipeuo cha 9 ni 3, kwa hiyo 1.65 × 12 × 3 inatoa 59.4, yaani katoni 60.

Kanuni hiyo imechukulia kwamba mgavi huleta siku ya tisa bila kukosa. Ukifungua tarehe zako za kupokea mzigo utakuta safari moja siku 7, nyingine 8, nyingine 13. Tuseme mkengeuko wa muda ni siku 2. Hesabu inakuwa hivi: kwa mahitaji, 9 × 12 × 12 ni 1,296; kwa muda wa oda, 40 × 40 × 2 × 2 ni 6,400; jumla 7,696, kipeuo chake 87.7, zidisha kwa 1.65 upate katoni 145. Tazama tarakimu mbili za katikati. Kuyumba kwa wateja kumechangia 1,296, kuyumba kwa mgavi 6,400. Watu hutumia miezi wakinoa makadirio ya mauzo ilhali sehemu kubwa ya akiba yao inalipia mgavi asiyetabirika. Siku hizo mbili zikipunguzwa hadi moja, akiba inashuka hadi katoni 89 bila kugusa makadirio hata kidogo.

Makosa yanayorudiwa kwenye kazi hii yanafahamika, na mkufunzi anayapitia moja moja. La kwanza ni kuchanganya vipimo: mkengeuko wa wiki unawekwa pamoja na muda wa siku. Mkengeuko wa siku wa 12 ni takriban 32 kwa wiki, na ukiutumia kimakosa kwenye kanuni ile fupi utapata katoni 158 badala ya 60. La pili ni kuchukua muda wa oda kutoka kwenye ahadi ya mgavi. Muda halisi unaanza pale uhitaji unapoonekana na kuishia mzigo unapokaa rafuni, ukihesabu siku za kusubiri sahihi ya mkubwa na siku za ukaguzi. La tatu ni kudhani kwamba asilimia 95 ina maana kuwa katoni 95 kati ya 100 zitapatikana. Maana yake ni kwamba katika mizunguko 100 ya oda, 95 itaisha bila mzigo kukosekana. Katoni zinazokosekana kwa kawaida huwa chache kuliko 5 kati ya 100. Ukipanda hadi asilimia 99 kigezo ni 2.33 na akiba inakuwa katoni 205. Hizo 60 za nyongeza zina gharama, na ni vizuri anayedai huduma ya 99 kwa kila bidhaa aoneshwe tarakimu hiyo kabla hajatia sahihi.

Ukubwa wa oda unafundishwa kwa kanuni ya kipeuo inayopatanisha gharama ya kuagiza na ya kutunza, ambayo Ford W. Harris aliichapisha mwaka 1913, na jambo la kubeba ni moja: gharama haibadiliki sana ukiwa karibu na jibu. Ukiagiza mara moja na nusu ya kiasi bora, gharama ya kuagiza na kutunza inapanda kwa takriban asilimia 8 tu. Kwa hiyo zungusha hadi ujazo wa godoro au lori bila wasiwasi. Mkutano wa kila mwezi wa kulinganisha mauzo na uzalishaji umepewa kipindi kimoja. Kinatosha kujua ajenda yake, hakitoshi kukuwezesha kuuendesha.

Kipindi kilichowaamsha wanafunzi wote ni mchezo wa bia, ulioanzia chuo cha MIT, Marekani, kwenye kazi za Jay Forrester. Wachezaji wanne wanakaa kwenye mstari: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaona oda ya aliye mbele yake tu, na mzigo huchelewa njiani. Mteja anaagiza kreti 4 kwa wiki nne za mwanzo, kisha 8 kila wiki hadi mwisho. Ongezeko ni hilo tu. Hata hivyo oda zinazofika kiwandani hupanda hadi makumi, kisha hukatika kabisa, kwa kuwa kila mtu anasahau mzigo alioagiza ambao bado uko njiani. Zoezi la baada ya mchezo ndilo zuri zaidi: unarudia ukiwa na safu ya mzigo ulioko njiani, na unaagiza kwa kutazama jumla ya kilichopo na kinachokuja, ukitoa unachodaiwa. Mawimbi yanapungua papo hapo. Angalia ripoti yako ya oda; ikiwa haina safu hiyo, hapo pana kazi ya kuanzia.

Sasa nusu ya pili. Inaanza vizuri kwa kanuni ya John Little ya mwaka 1961: kazi iliyoko njiani ni sawa na kasi ya kutoka ukizidisha na muda wa kupita. Ukiwa na oda 240 zinazoendelea na unamaliza 30 kwa siku, kila oda inakaa siku 8, hata kama inashikwa kwa mikono saa tatu tu. Siku zinazobaki ni foleni. Kanuni hii haidai programu yoyote, na inamwonesha mtu kwa nini kuingiza kazi nyingi zaidi kwenye mstari hakuzitoi mapema.

Baada ya hapo mwendo unalegea. Wiki nzima imetumika kwenye kupanga na kusafisha eneo la kazi, jambo ambalo kipindi kimoja kingelimaliza. Ramani ya mtiririko inachorwa kwa kiwanda cha kubuni chenye data nadhifu, hakuna anayeombwa kushika saa na kupima. Kipimo cha ufanisi wa mashine kinafundishwa kama kuzidisha tu: upatikanaji 0.90, kasi 0.85, ubora 0.97, jibu asilimia 74. Hakuna aliyesema kwamba ukipandisha tarakimu hiyo kwenye mashine isiyo kikwazo cha mstari, unachozalisha ni rundo mbele ya mashine inayofuata. Hilo ni pengo kubwa, maana ndilo kosa ambalo meneja mwenye shauku hulifanya kwanza.

Kubadilisha mashine kutoka bidhaa moja kwenda nyingine kumepewa kipindi kimoja, na ndicho kilichohitaji vitatu. Njia ya mhandisi Mjapani Shigeo Shingo ni rahisi kuieleza: rekodi video ya mabadiliko yote, gawanya kila kitendo kati ya kinacholazimu mashine isimame na kinachoweza kufanywa ikiwa inazunguka, kisha hamisha cha pili nje ya muda wa kusimama. Katika mfano wa darasani mabadiliko ya dakika 90 yalikuwa na dakika 35 za kutafuta spana, kuleta kalibu kutoka stoo na kumsubiri mkaguzi. Zote hizo zinaweza kumalizwa kabla mashine haijazimwa. Zinabaki 55 kabla hujanunua hata bolti moja.

Hapa ndipo kozi ilipotakiwa kufunga fundo na haikufunga. Gharama ya kuandaa mashine imo ndani ya kipeuo cha ile kanuni ya Harris. Ikishuka hadi robo, kundi bora la uzalishaji linashuka hadi nusu, na wastani wa mzigo wa mzunguko, yaani ule unaoingia na kuisha kati ya kundi moja na jingine, nao nusu. Makundi madogo huifanya zamu ya kila bidhaa irudi haraka, muda wa oda unafupika, na akiba ya tahadhari inafuata. Uboreshaji na upangaji ni hesabu ileile iliyoandikwa kwenye daftari mbili, lakini walimu wa nusu hizi mbili ni tofauti na mifano yao haikutani. Mwanafunzi anapaswa kuunganisha mwenyewe: chukua jibu la wiki ya tano, lile la 1,296 dhidi ya 6,400, liamue ni wapi nusu ya pili ielekezwe. Kinachoyumba zaidi kikiwa ni mgavi, mradi wako wa mwisho uwe kwenye mapokezi na ratiba ya mgavi, usiwe kwenye kupaka mistari sakafuni.

Kazi zilirudishwa zikiwa zimesahihishwa ndani ya siku tatu, kwa maelezo marefu, na hilo linastahili pongezi. Programu ya kupangia iliyotolewa kwa majaribio hufungwa kozi inapoisha, kwa hiyo fanya kila kitu kwenye Excel na ubaki na majedwali yako.

Kabla ya kujiandikisha, chagua bidhaa 20 tu zenye thamani kubwa ya mauzo, uziandikie tarehe za oda na za kupokea. Kama mfumo wako hautunzi tarehe ya mzigo kuingia, mwombe mtu wa mapokezi aiandike kwa mkono kwenye hati ya kupokelea, pamoja na saa, kuanzia mzigo unaofuata. Oda ya kila wiki itakupa safari nane kwa miezi miwili. Ni chache kwa mkengeuko wa kuaminika, lakini zinatosha kuonesha kama mgavi wako anayumba kwa siku 1 au kwa siku 4.