TAHADHARI: Mnaohamia Dodoma na familia, msinunue "nyumba na shule kwa pamoja"

Wenye barua za uhamisho mkononi, na nyie mliopata kazi Dodoma mnaotaka watoto wawe wameshahamia kabla shule hazijafunguliwa Januari, someni hii kabla hamjarusha hata elfu kumi kwa mtu.

Kuna utapeli unaowalenga wanaohama tu. Muuzaji anakuletea kifurushi: nyumba ya kupanga iliyo karibu na shule nzuri, pamoja na nafasi ya mtoto kwenye shule hiyohiyo. Anaijua hali yako. Siku za kuripoti zinahesabika, lori umeshalipa kianzio, familia iko Dar au Mwanza, na huna ndugu Dodoma wa kukukagulia nyumba. Mtu wa namna hiyo hulipia picha.

Tangazo lenyewe halina makelele. Vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, tenki la lita 2,000, Ilazo au Kisasa. Tuseme majirani wanalipa laki nne na nusu kwa mwezi. Yeye anataka laki mbili na nusu kwa sababu "mwenye nyumba anasafiri, anataka mtu mstaarabu". Ukipiga simu, ataulizia watoto wako wako madarasa gani. Usidhani anawapenda watoto. Anapima sehemu ya pili ya bili. Kesho yake unapata ujumbe kama huu:

"Bosi nyumba ina watu watatu wanaiulizia leo. Tuma laki moja ya kuishikilia, jina litatoka la shemeji yangu usishtuke. Ya mwalimu tutaongea ukifika."

Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri ndilo kinga yako ya bure. Likitofautiana na jina la mtu aliyekwambia nyumba ni yake, acha hapohapo. Hakuna shemeji.

Picha nazo zikaguliwe kwa utulivu. Kuna "nyumba za Ilazo" zinazozunguka mtandaoni zikiwa na mchanga mweupe uani, minazi nyuma ya ukuta na nondo za madirisha zilizoliwa na kutu ya chumvi. Hiyo ni Kigamboni au Mbweni. Dodoma ni nchi ya vumbi, mawe na mibuyu, na ukuta ambao haujapakwa rangi karibuni huwa na wekundu wa vumbi chini. Omba simu ya video: aanzie barabarani, aingie getini, asogee hadi kwenye mita ya LUKU akusomee tarakimu zote 11, kisha afungue bomba la jikoni. Tapeli wa picha siku hiyo mtandao utamsumbua mpaka jioni.

Wa hatari zaidi ni yule mwenye funguo. Huyu anakodi nyumba yenye samani kwa siku mbili tatu, anaigeuza yake, na kuionyesha kwa familia tano mfululizo. Kila moja inalipa kodi ya miezi sita, inapewa funguo na kuambiwa ihamie Jumamosi, "vitu vikishatolewa". Jumamosi wanakutana watano getini na malori yao. Hapa simu ya video haisaidii, kwa sababu nyumba ipo kweli na mlango unafunguka kweli. Kinachosaidia ni majirani. Gonga mageti mawili ya jirani na duka la kona, uliza mwenye nyumba ile ni nani na aliyekuwa akiishi humo kahama lini. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, hata balozi, wanawajua wamiliki wa eneo lao. Ofisi ikisema haimjui huyo mtu, ondoka, hata kama dalali anakuahidi punguzo.

Kwenye karatasi, Dodoma ina mtego wake ambao wageni hawaujui. Viwanja vya zamani vilitolewa na CDA, mamlaka iliyoanzishwa 1973 kuendeleza makao makuu na kuvunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri. Kwa hiyo ukionyeshwa barua ya toleo (ile ya kumpa mtu kiwanja) yenye jina la CDA, usiikimbie. Nyingi ni halali. Angalia tarehe. Barua ya CDA iliyoandikwa 2019 imeghushiwa. Kinyume chake pia ni kweli: Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, kwa hiyo karatasi ya 2016 yenye kichwa "Halmashauri ya Jiji la Dodoma" imetoka kwenye printa ya mtu. Malipo ya serikali nayo yanapitia kumbukumbu namba (control number) yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Akikuonyesha risiti ya kodi ya ardhi ambayo haina namba hiyo, muulize aliilipaje.

Mkataba uandike namba ya kiwanja na kitalu, namba ya mita ya umeme, namba ya akaunti ya maji ya DUWASA, namba za NIDA za pande zote mbili, na usainiwe mbele ya serikali ya mtaa. Namba ya maji watu huiruka, kisha wanaletewa deni la mpangaji aliyepita. Kodi ilipwe benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile la kwenye hati au barua ya toleo. Udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na unaulipa baada ya kusaini na kukabidhiwa funguo. Elfu kumi au ishirini ya "kuonyeshwa nyumba" imezoeleka, lakini dalali anayekuzungusha nyumba nne zilizokwisha kupangishwa na kukuchaji kila moja, biashara yake ni hiyo elfu kumi.

Kuhusu mitaa, uongo mkubwa ni umbali. "Dakika kumi kutoka Mtumba" inaandikwa hata kwa nyumba ya Nkuhungu. Mji wa Serikali wa Mtumba uko mashariki, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya Dar. Ilazo, Kisasa na Nzuguni ziko upande huo. Nkuhungu iko magharibi, na ukikaa huko unaukata mji mzima asubuhi na jioni. Pima mwenyewe saa 1 asubuhi siku ya kazi. Jumapili mchana haikuambii kitu. Maji ni mgawo: jirani atakwambia yanatoka siku zipi, dalali atakwambia yanatoka kila siku. Na ukikagua kati ya Juni na Oktoba, kumbuka unaona mji mkavu. Tafuta mstari wa matope ukutani, na uangalie kama barabara ya kuingilia imepita kwenye korongo.

Sasa shule, ambako wazazi huliwa zaidi kwa sababu ya woga.

Nafasi kwenye shule ya serikali haiuzwi. Ada kwenye elimu ya msingi mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na uhamisho wa mwanafunzi hauna bei. Njia yake ni hii: mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto anaandika barua na kuanzisha uhamisho kwenye PReM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, mwalimu mkuu wa shule anayokwenda anathibitisha kuwa nafasi ipo, maofisa elimu wa pande zote mbili wanapitisha. Namba ya PReM ya mtoto ndiyo inayohama. Mtu anayekwambia "nina mwalimu wangu pale, laki tatu mtoto anaingia" hawezi kuigusa namba hiyo. Hata mtoto akikalishwa darasani, jina lake litabaki shule ya zamani, na utagundua wakati wa usajili wa mtihani. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, usimhamishe katikati ya mwaka kwa ahadi ya mdomo. Zipo shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza ambako mzazi anachangia. Hata huko pesa inaingia kwenye akaunti ya shule, haiingii kwenye simu ya mtu.

Kwa shule binafsi kuna mambo mawili. La kwanza ni fomu za kujiunga zinazosambazwa WhatsApp zikiwa na nembo halisi ya shule na namba ya malipo iliyobadilishwa. Dawa ni kufika ofisini, au kupiga namba uliyoipata kwingine, kamwe isiwe ile iliyoandikwa kwenye fomu. La pili ni shule isiyosajiliwa, iliyofunguliwa kwenye nyumba ya kuishi, yenye sare safi na basi la njano. Omba namba ya usajili ya Wizara ya Elimu na namba ya kituo cha mtihani, ambayo huanza na PS kwa msingi na S kwa sekondari. Kisha fungua matokeo ya NECTA ya mwaka uliopita uitafute mwenyewe. Shule inayojisifu kwa darasa la saba la miaka mitano na haionekani kwenye matokeo ina maelezo ya kutoa: huenda watoto wake wanapachikwa shule nyingine siku ya mtihani. Shule mpya kweli haitakuwa na matokeo, lakini cheti cha usajili lazima iwe nacho.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, anayetoka Dar anaweza kwenda, kukagua nyumba mbili na shule moja, na kurudi ndani ya siku mbili. Nauli na lodge ya usiku mmoja havifiki hata "kishikio" cha laki moja ukijibana.

Kama umeshatuma, fanya haraka. Piga 100 huduma kwa wateja, waombe wazuie muamala. Ikiwa pesa haijatolewa kuna nafasi. Tuma ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake ya simu kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Nenda polisi ukachukue RB ukiwa na ujumbe wa muamala, tangazo na mazungumzo yote; usifute kitu wala usimtukane mpaka umemaliza, maana akishajua atafuta upande wake. Na ukishalalamika hadharani, ndani ya siku chache atakupigia mtu anayejiita wa kitengo cha mitandao: pesa yako imeonekana, inahitajika elfu hamsini ya "kuifungua". Mara nyingi ni yuleyule, kwa laini nyingine.