Besi ya shingo mbili na nyuzi kumi: kazi au mbwembwe?

Karibuni tena, wadau wa besi. Hili dude mnaloliona mapajani mwangu, gitaa la besi, lina shingo mbili: ya juu ina nyuzi 4 na freti zake kama kawaida (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), ya chini ina nyuzi 6 na haina freti hata moja. Halikutoka kiwandani. Fundi amelichonga kwa oda, na mwenye nalo kaniazima kwa sharti moja tu, nisilipandishe jukwaani.

Nianze na hiyo ya chini, maana ndiyo iliyoniteka. Nyuzi 6 kwenye besi si vituko vya vijana wa mtandaoni. Anthony Jackson, mpiga besi wa New York, alimwendea fundi Carl Thompson akitaka nyuzi mbili zaidi ya zile 4 za kawaida (E, A, D na G): wa B chini ya E, na wa C juu ya G. Ikatoka mwaka 1975. Hoja yake ilikuwa fupi: besi nayo ni ya ukoo wa gitaa, gitaa lina nyuzi 6, hii imenyimwa mbili kwa kosa gani?

Shida iko kwenye B. Uzi wa E hutetema mara 41 kwa sekunde. B ni mara 31 hivi. Ili uzi uende taratibu namna hiyo, ama uunenepeshe, ama uulegeze, ama uurefushe. Ukiunenepesha mno unakakamaa kama nondo na sauti inachafuka. Ukiulegeza, unagongagonga ubao kila ukiuchomoa. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na urefu. Besi nyingi zina inchi 34, toka nyuzi zinapoachana na kichwa hadi kwenye daraja. Jackson akaishia kwenye 36. Uzi uleule, noti ileile, hizo inchi mbili peke yake zinaongeza mkazo kwa takribani asilimia 12. Dingwall, watengenezaji besi wa Kanada, wao huupa kila uzi urefu wake, mnene inchi 37, mwembamba 34, na ndiyo sababu freti zao zimelala mshazari. Hii niliyoshika ina 35. B yake imesimama, haiyumbi.

Sasa mkazo huo lazima ubebwe. Uzi mmoja wa besi huvuta kilo 18 hivi, kwa hiyo shingo hii inavutwa na zaidi ya kilo 100 saa zote, hata ukiwa umelala. Fundi kaweka vyuma viwili ndani badala ya kimoja. Mti wa shingo ni wenge, wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao kampuni ya besi ya Warwick ya Ujerumani imeutumia sana. Na huu ubao wa vidole, mweusi tii, ni mpingo. Ndiyo, mpingo huuhuu wa Kilwa na Lindi! Pasipo freti, chuma cha uzi kinasugua mbao moja kwa moja, na mbao laini huchimbika upesi. Mpingo hata alama hauna. Ila ukitaka kuagiza ubao mtupu nje ya nchi, uliza kwanza habari ya vibali: uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Ala zilizokamilika zilisamehewa 2019.

Shingo ya juu? Besi nzuri ya nyuzi 4. Basi.

Hapo ndipo ninapogombana na dude hili. Ni zito, bega linalia kabla ya wimbo wa tatu, na vichwa viwili vinalivuta lielekee sakafuni. Halafu nyuzi za shingo usiyoipiga zinaitikia zenyewe. Kuna swichi ya kuzima pikapu zake (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), na usiisahau kamwe. Mpiga gitaa Steve Vai, kwenye Hydra, gitaa lake la Ibanez lenye shingo tatu, ameongeza makusudi nyuzi 13 za kinubi, lakini yule ana stendi na mafundi wa kumhudumia. Wewe una bodaboda.

Kwa hiyo, kama wimbo mmoja unakudai sauti ya freti na isiyo na freti bila kupumua, agiza shingo mbili. Vinginevyo mwambie fundi akuchongee hiyo ya chini peke yake, na umuulize urefu kabla ya rangi.

Nachomeka waya sasa. Vaa hedifoni, maana spika ya simu haiwezi kukutolea ile B.