Uzoefu wangu na init.el ya Emacs: mistari 40 isiyosomwa

Emacs, programu ya kuandikia maandishi na msimbo, ikiwashwa husoma faili kuu moja tu la mipangilio. Ukiwa nayo mawili itachagua moja, na la pili italipita kama haikuliona. Haitoi onyo, haisemi kuna kosa, hata mlio hutausikia. Nimeandika mistari 40 kwenye init.el, faili langu la mipangilio, nikaifunga programu na kuifungua sijui mara ngapi, na ubeti wa Kiarabu ninaounakili ukabaki vile vile: umeegemea kushoto, nukta ya mwisho imerukia kulia, pale pale msomaji anapoanzia kusoma. Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Kazi yenyewe ni tendi. Hapa Lamu tendi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na anayezinakili leo huwa na hati mbili ndani ya faili moja: ubeti kwa Kiarabu kutoka kulia, na chini yake Kilatini kutoka kushoto. Programu za kawaida za kuandikia barua zinaliweza jambo hili, lakini kila aya unaigeuza kwa mkono wako. Emacs, tangu toleo la 24 la mwaka 2012, huamua yenyewe. Hutazama herufi ya kwanza ya aya yenye upande wake. Ikiwa ya Kiarabu, aya nzima huipanga kutoka kulia. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuichagua. Sura haina.

Sasa tatizo. Kompyuta ilipitia mikononi mwa fundi mmoja hapa mjini, simtaji. Aliweka Emacs na kuacha ndani yake faili lake mwenyewe, ~/.emacs (alama ~ ni folda yako ya nyumbani). Jina likianza na nukta faili hufichika: amri ya ls tupu, inayoorodhesha mafaili, hailionyeshi, na ukifungua folda kwa kipanya hulioni. Mpaka uandike ls -la. Kikulacho ki nguoni mwako. Humo mlikuwa na rangi, ukubwa wa fonti, na mstari huu:

(setq-default bidi-paragraph-direction 'left-to-right)

Yaani kila aya, iwe ya lugha gani, ianzie kushoto. Basi hapo utendi umeshauliwa.

Kwa kuwa faili hilo silijui, nikaanza langu mahali wanapoweka watu wengi, ~/.emacs.d/init.el, na humo nikaandika kinyume chake, yaani Emacs iamue yenyewe:

(setq-default bidi-paragraph-direction nil)

Nikaweka kishale baada ya mabano ya kufunga, nikabonyeza C-x C-e (C- ni kushikilia Ctrl), amri inayoutekeleza mstari huo, na ubeti ukageuka papo hapo, ukakaa kulia kama karatasini. Nikahifadhi, nikafunga. Nilipofungua, ubeti uko kushoto.

Hebu fikirini. Mstari ule ule kwa mkono unafanya kazi, ukiuacha usomwe wenyewe haufanyi. Mtu akiona hivyo hufikiri mstari umekosewa mahali pake, kwa hiyo unaupeleka juu ya faili, unaushusha chini, unaufunga ndani ya hook (amri zinazongoja tukio fulani), na hakuna kinachobadilika, maana faili zima halisomwi. Na lililonipoteza kabisa ni early-init.el. Faili hilo lilikuja na toleo la 27, linakaa ndani ya ~/.emacs.d, na linasomwa kabla ya mengine yote, hata kama init.el inarukwa. Menyu ya juu nilikuwa nimeiondoa kwa kutumia faili hilo, na kweli ikaondoka. Nikajiambia, basi folda inasomwa. Kumbe folda inasomwa nusu!

Mpangilio wenyewe ni huu. Ikiwepo ~/.emacs, au ~/.emacs.el, ndiyo inayoshinda, kwa sababu hapo ndipo mahali pa kale tangu zama za mwanzo za programu hii. Isipokuwepo ndipo init.el ya ndani ya ~/.emacs.d inapopata zamu. Ile ya ~/.config/emacs, iliyokubaliwa kuanzia 27, husubiri mpaka ya kale zote zisiwepo.

Na dawa? Mstari mmoja. Bonyeza C-h v, andika user-init-file, bonyeza RET (Enter). Emacs inakuonyesha njia kamili ya faili ililolisoma. Yangu ikaonyesha ~/.emacs. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe, maana programu ilikuwa inajua muda wote na jibu lilikuwa tayari, ila haizungumzi mpaka iulizwe. Basi nyota mbili. Lakini bado nauliza: ukiona mafaili mawili yamekaa pamoja, si useme? Ukitumia init.elc, yaani init.el iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine, iliyokuwa kuukuu kuliko init.el, Emacs hutoa onyo. Kwa hili la mawili, kimya.

Usilifute faili la zamani. Libadilishe jina, mv ~/.emacs ~/emacs-ya-fundi, washa tena, uliza tena user-init-file. Likionekana init.el, anza kuhamisha unachokitaka, mistari michache kwa mara moja. Kikiharibika kitu, washa kwa emacs --debug-init, itasimama pale pale penye kosa. Ukiandikiwa End of file during parsing, kuna bano halijafungwa. Fungua faili, M-x check-parens (M- ni Alt), kishale kitapelekwa kwenye bano lenye kasoro. Na ukitaka kujua kama kosa ni la Emacs au lako, emacs -Q huwasha bila faili lolote la mipangilio. Mara nyingi ni lako.

Kuna mtego wa pili hapo hapo, na huu umewanasa wengi. Ukiandika setq badala ya setq-default, mpangilio wa bidi-paragraph-direction hubaki ndani ya bafa (nafasi ya faili lililofunguliwa) moja tu, ile iliyokuwa wazi wakati faili linasomwa. Ukifungua utendi wako, mpangilio huo haupo humo. Mipangilio ya namna hii kila bafa ina yake, na setq-default ndiyo inayoigusa ya wote.

Mtego wa tatu ni wa watu wa tendi peke yao, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda programu hii tena, kwa shida. Emacs haihesabu aya kwa mstari. Huhesabu kwa mstari mtupu. Ukiandika namba ya ubeti na maelezo ya Kilatini, kisha chini yake moja kwa moja ubeti wa Kiarabu, vyote ni aya moja, na herufi ya kwanza yenye upande ni ya Kilatini. Ubeti unarudi kushoto hata kama mipangilio yako ni sahihi kabisa. Ama uache mstari mtupu kila mara, ama useme kila mstari ni aya:

(setq-default bidi-paragraph-start-re "^"
              bidi-paragraph-separate-re "^")

Yabadilishe yote mawili pamoja. Hii ipo kuanzia toleo la 26. Kwa utendi inafaa mno, kwa sababu anayeandika ubeti mzima kwenye mstari mmoja, vipande vinne vya mizani 8, hataki kuachia nafasi kati ya beti na tafsiri.

Fonti nayo. Irabu za juu na chini kwa ukubwa wa kawaida hazisomeki, fataha na kasra zinakuwa vumbi. Hakuna haja ya kukuza maandishi yote. Kuza Kiarabu tu:

(set-fontset-font t 'arabic (font-spec :family "Amiri" :size 26))

Amiri ni ya bure. Hii hufanya kazi kwenye dirisha la Emacs lenyewe. Ndani ya terminali, dirisha la kuandikia amri, fonti ni ya terminali, na baadhi ya terminali nazo zinageuza Kiarabu, kwa hiyo unageuziwa mara mbili na kurudi ulikotoka. Usifanye kazi ya tendi ndani ya terminali. Basi.

Kubwa kuliko yote, na hili nalisema nikiwa bado nimekasirika, ni kwamba unaweza kujitengenezea kibodi. Kiarabu chenyewe hakina p, v wala ch, na Kiswahili hakiendi bila hizo. Njia ya kuandikia Kiarabu inayokuja na Emacs inafuata mpangilio wa kibodi ya Kiarabu, ambao vidole vyetu havikuuzoea. Mimi nataka nikibonyeza b itoke ba, nikibonyeza s kisha h itoke shini. Ni mistari hii:

(require 'quail)
(quail-define-package "tendi" "Arabic" "T>" t)
(quail-define-rules
 ("b" #x628) ("p" #x67E) ("v" #x6A4)
 ("ch" #x686) ("s" #x633) ("sh" #x634))

Namba ni za Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake. Andika namba badala ya kubandika herufi yenyewe, la sivyo Kiarabu kitaupindua mstari wa msimbo machoni pako na utafunga mabano upande usio wake. Endelea mpaka herufi zako zote ziishe. Kisha C-u C-\ na jina tendi, mara moja. Baada ya hapo C-\ peke yake inakupeleka Kiarabu na kukurudisha Kilatini. Sijaona programu nyingine iliyonipa hili kwa mistari michache. Nyota nne, na sijui nilikuwa nalia nini.

Hapana, najua. Nilimwendea yule fundi, nikamuuliza kwa adabu kwa nini aliacha faili lake kwenye mashine ya mtu. Jibu lake, mbele ya wateja wengine, ni kwamba Emacs si programu ya watu wa mashairi, na kama naitaka nikasome mwongozo. Mwongozo nimeusoma. Yeye je, ameusoma? Mstari wake nao niutendee haki: una sababu. Faili lenye mstari mmoja mrefu kupita kiasi huifanya Emacs kuwa nzito, na kuitajia upande wa aya mapema kunaipunguzia kutafuta. Lakini kwa mistari mirefu kuna dawa inayowekwa wazi, global-so-long-mode, kuanzia 27, na haimgeuzii mtu utendi wake. Anayetengeneza kompyuta ya watu Lamu na hajui kwamba Kiarabu kinatoka kulia, huyo sina neno naye.

Kabla ya kuliacha faili lako litulie, tenga na yale yanayoandikwa na Emacs yenyewe. Ukibadilisha kitu kwa vitufe vya Customize, au ukiongeza kifurushi, inaandika ndani ya faili lililosomwa, chini kabisa, katikati ya kazi yako. Ipe faili lake:

(setq custom-file (expand-file-name "custom.el" user-emacs-directory))
(load custom-file 'noerror)

Ule mstari wa pili watu huusahau, kisha wanashangaa mbona rangi walizochagua hazirudi.

Bado kuna kimoja kinachonikera hadi sasa. Mstari wa Kiarabu unaoanza na neno la Kilatini, kwa mfano jina la mnakili, unarudi kushoto hata kwa mipangilio yote hiyo, kwa sababu herufi ya kwanza ndiyo inayoamua. Weka alama isiyoonekana mwanzoni mwa mstari: C-x 8 RET, kisha 200F, RET. Mstari utahamia kulia. Alama yenyewe huioni kwa macho, kwa hiyo ukiifuta bila kujua usiende tena kuhangaika na init.el; rudi mwanzo wa mstari, bonyeza C-x =, na utaambiwa ni herufi gani iliyo chini ya kishale.