Misimu Miwili na Mbegu za Boga la Atlantic Giant: Uzoefu Wangu

Pakiti ya mbegu za Atlantic Giant, aina ya boga linalolimwa kwa ajili ya ukubwa wake, ilikuwa na mbegu 5 na niliinunua kwa shilingi 15,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila mbegu, ilhali mbegu za maboga yetu ya kawaida mtu huzipata bure kila anapopasua boga jikoni. Kwa bei hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza anapata nini. Nimezipanda mbegu za Atlantic Giant kwa misimu miwili uani kwetu, mjini Iringa, na jibu langu ni kwamba mbegu zenyewe zina uwezo wote zinaosifiwa, lakini maelezo ya pakiti hayamwambii mkulima hata robo ya yale ambayo mmea huu unamdai.

Aina hii ilitokana na kazi ya Howard Dill, mkulima wa Windsor katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, aliyechagua na kuchavusha maboga makubwa kwa miaka mingi, na ambaye kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mashindano ya dunia mara 4 mfululizo. Maboga yanayovunja rekodi siku hizi ni uzao wa mbegu zake. Lile lililopimwa Half Moon Bay, California, mwaka 2023 lilikuwa na kilo 1,247. Picha iliyo kwenye pakiti humfanya mtu atamani boga la namna hiyo, kwa hiyo ni vema tofauti ya mazingira ijulikane mapema. Katikati ya majira ya joto kule Nova Scotia jua huwaka kwa zaidi ya saa 15 kwa siku, na muda wote huo majani hutengeneza chakula cha boga. Iringa, hata mwezi Desemba, mwanga wa mchana haufiki saa 13. Tunachofaidi sisi wa nyanda za juu ni ubaridi wa usiku, kwa sababu penye joto kali ua jike hudondoka kabla halijashika.

Msimu wa kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilizifukia mbegu zote 5 moja kwa moja kwenye tuta, zikaota 3, nami kwa huruma nikaiacha miche yote 3 katika eneo ambalo lisingetosha hata mmoja. Ilisongana, ikagawana maji na samadi, na boga lililokuwa na matumaini kuliko mengine lilipasuka ubavuni siku mbili baada ya mvua kubwa kufuata wiki mbili za ukavu ambazo sikuwa nimemwagilia ipasavyo. Nilipolipima lilikuwa na kilo 19. Pakiti ile haikuonyesha tarehe ya kufungashwa, na muuzaji nilipomwuliza hakuwa na jibu. Kwa mbegu za bei hii hilo ni kasoro, na ninamshauri kila mnunuzi aiangalie tarehe kabla ya kutoa fedha.

Msimu wa pili nilinunua pakiti nyingine kwenye duka tofauti la pembejeo, nikatumia mbegu 3 tu. Ganda la mbegu hizi ni nene, kwa hiyo nilizisugua kingo kwa msasa taratibu, nikiiacha ncha iliyochongoka bila kuigusa kwa kuwa mzizi hutokea hapo, kisha nikaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 4. Nilizipanda tarehe 12 Oktoba katika viriba vilivyojazwa mboji na mchanga, nikaviweka karibu na jiko ambako joto halishuki sana usiku. Zote 3 ziliota siku ya sita. Niliuchagua mche wenye shina nene zaidi, na ile miwili nikampa jirani yangu. Kuutoa mche wenye afya ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea kulima ili ale, lakini bila kufanya hivyo mbegu hizi haziwezi kuonyesha uwezo wao.

Shimo nililichimba mwezi mmoja kabla, upana wa mita moja na kina cha sentimita 60, nikalijaza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ikiwa imechanganywa na udongo wa juu. Mmea ulipokolea ulitwaa mita 6 kwa 5 za ua wetu, na mahali tulipokuwa tukianikia nguo pakahamishwa. Kwenye kila kifundo cha shina kuu nilirundika udongo ili kiote mizizi ya ziada. Matawi madogo yaliyochipua kutoka kwenye matawi ya pembeni niliyakata kila wiki, na hapo nyumba yote ilifaidika, kwa maana ncha zake changa ni mboga nzuri sana ikiungwa kwa karanga. Majani makubwa hatukuyagusa hata moja.

Jambo ambalo pakiti haikulitaja kabisa, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni uchavushaji wa mkono. Nyuki wanaweza kuifanya kazi hiyo, lakini hawachagui ua, na mkulima anataka boga lishike kwenye shina kuu, mita 3 au 4 kutoka kwenye mzizi, ili nyuma yake pawe na majani ya kutosha kulilisha. Ua jike linatambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Jioni ya tarehe 8 Desemba niliona mojawapo likikaribia kufunguka, nikalifunga ncha kwa uzi pamoja na maua dume mawili. Kesho yake, saa 1 asubuhi, niliyachuma yale maua dume, nikayatoa petali, nikaipaka chavua yake kwenye kila sehemu ya stigma, yaani kichwa cha katikati ya ua jike kinachopokea chavua, kisha nikalifunga tena. Baada ya wiki moja kiboga kilikuwa kama chungwa, kimeng'aa. Nilisubiri kifikie ukubwa wa mpira wa miguu, ndipo nikayaondoa mengine yote yaliyokuwa yameshika.

Lipo pia suala la kikonyo, ambalo nililielewa kwa kumtazama jirani akilipoteza boga lake. Boga linaponenepa huinuka na kulisukuma shina, na kama shina limeshikwa na mizizi karibu na hapo, kikonyo hupasuka. Kwa hiyo niling'oa mizizi ya vifundo viwili vilivyo jirani na boga, nikaligeuza boga kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi likakaa vizuri na shina likapata nafasi ya kuinuka. Chini yake niliweka mbao zilizotandazwa mchanga, na juu nikalitengenezea kivuli cha gunia ili ganda lisikakamae mapema. Kila jioni niliupima mzunguko wake kwa futi kamba, na mwanzoni mwa Januari uliongezeka sentimita 4 hadi 5 kwa siku. Siku ambazo mvua haikunyesha nilimwaga ndoo 4 za lita 20, kidogo asubuhi na nyingi jioni, kwenye udongo peke yake. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye majani, uliingia katikati ya Januari; nilikata majani yaliyoathirika zaidi, nikapuliza salfa nyakati za jioni, na ugonjwa ukatulia bila kwisha.

Nilivuna tarehe 20 Februari, siku 73 tangu uchavushaji. Vijana wanne walilibeba kwa turubai hadi kwa mnunuzi wa mahindi mwenye mizani ya magunia, nayo ikasoma kilo 74. Mzunguko ulikuwa sentimita 183. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na watoto wa mtaa wetu walilizingira boga lile hadi giza likaingia.

Kuhusu kula, nisimpotoshe mtu. Nyama yake ni nene lakini ina maji mengi na utamu hafifu, na mama mkwe, ambaye amepika maboga maisha yake yote, alionja kipande kimoja akaagiza boga la kienyeji sokoni. Tulilichemsha kwa ajili ya nguruwe, wakalila kwa siku kadhaa. Anayetafuta chakula cha familia asinunue mbegu hizi. Anayetaka kulima mmea mmoja kwa uangalifu wote, na mwenye ua mkubwa na maji ya uhakika, shilingi 15,000 ni bei ya haki.

Mbegu za boga lile nimezikausha kivulini, lakini sizitegemei sana: ua jike nililifunga, ila maua dume niliyotumia yalitoka kwenye mmea huohuo, nami sijui uzao huo utakuwa na nguvu kiasi gani. Zile 2 zilizobaki kwenye pakiti nimezihifadhi katika chupa yenye kizibo, na shimo la Oktoba nimeshaanza kulijaza samadi, safari hii upande wa mashariki wa nyumba ambako jua hufika mapema.